Pipi za jeli za nanasi zilizokataa kuganda

Wanangu wanapenda pipi za jeli za dukani, ila zimejaa sukari na rangi. Nikaamua kutengeneza zangu kwa juisi ya matunda na jelatini, unga wa kugandisha unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Za ukwaju ziliganda vizuri. Za nanasi bichi, yaani lisilopikwa, zikabaki uji hata baada ya kulala kwenye friji, nami nikazidi kuongeza jelatini bure.

Kumbe tatizo halikuwa kipimo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachokatakata protini, na jelatini ni protini tupu. Papai nalo lina chake, papaini, ndiyo maana watu hulainishia nyama. Dawa ni moto: chemsha juisi dakika chache, kimeng'enya kinakufa.

Sasa nachemsha kikombe 1 cha juisi ya nanasi iliyochujwa, naiacha ipoe kabisa, kisha naitawanyia jelatini vijiko vikubwa 4. Ikishavimba, kama dakika 5, naipasha moto mdogo huku nikikoroga hadi iyeyuke. Hapo usiichemshe, maana jelatini nayo hupoteza nguvu. Namimina kwenye trei za barafu, saa 2 friji, basi. Nanasi likiwa limeiva vizuri, sukari ya nini?

Waislamu wenzangu, someni paketi: jelatini nyingine ni ya nguruwe, tafuteni ya ng'ombe yenye alama ya halali. Ukitia asali, pipi hizo asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, na wadogo wakatieni vipande vidogo sana, pipi hizi hukaba koo.