Mkaa wa Mti Gani?

Tangu Jumanne nikikaa karibu na jiko langu sina raha, na kisa chenyewe ni kidogo kiasi kwamba baba watoto, nilipomsimulia, aliuliza kama kimekwisha.

Mnajua kwamba tangu masika yaanze nimekuwa nikiteremka Sahare kila maji yanapokupwa, nikiwa na daftari la shule la mwanangu mdogo ambalo hakulimaliza, ili niandike kila kiumbe ninachokikuta katika mikoko. Sisi watu wa Tanga tunajivunia silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani hadi aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye hifadhi yetu ya bahari, iliyotangazwa mwaka 2009, imepewa jina lake. Lakini silikanti anaishi kilindini, zaidi ya mita mia moja chini, nami sijaonana naye. Nikaona heri nianze na majirani wa matopeni.

Jumanne ilikuwa bamvua, maji yalikuwa yametoka mbali, nami nilikuwa nimechuchumaa nikimtazama kaa mdogo wa kiume mwenye gando moja kubwa kuliko uso wake. Alikuwa akilipandisha na kulishusha, akilipandisha na kulishusha, kuwaita majike, kama konda anayeita abiria wa Ngamiani. Ndipo nikasikia matawi yakivunjika nyuma yangu, na nilipogeuka nikamwona bibi mmoja akifunga mzigo wa kuni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Bibi, samahani, mikoko haikatwi. Ni hifadhi ya serikali.”

Hakukasirika. Aliuweka mzigo chini, akaifunga upya kanga yake kiunoni, akaniuliza, “Nyumbani kwako mnapikia nini?”

“Mkaa.”

“Mkaa wa mti gani?”

Nikanyamaza. Alijitwika mzigo wake juu ya kata, akasema, “Basi ukiujua, njoo unifundishe,” akaenda zake.

Nimeyarudia maneno hayo wiki nzima. Nimejitungia majibu kitandani: kwamba mtungi wa gesi umeisha tangu Ramadhani, jambo ambalo ni kweli, kwamba gunia langu hutoka Handeni na Handeni hakuna mikoko, jambo ambalo pia ni kweli lakini kadiri ninavyolisema ndivyo linavyozidi kunitia aibu, kwa sababu Handeni nako kuna ndege na kuna miti iliyokuwa na jina kabla haijaingia kwenye gunia langu. Baba watoto amepewa uhamisho kwenda Korogwe, na Alhamisi tulipokea mahari ya mdogo wangu, wageni walikula wakashukuru, nami nilichokiona ni makaa mekundu chini ya sufuria za pilau. Wa mti gani?

Ijumaa nilirudi kulekule. Mahali alipokuwa amesimama nilitafuta jeraha la panga sikuliona. Palikuwa na mchu, aina mojawapo ya mikoko, mmoja mzee uliokauka upande, matawi yake yamekuwa ya kijivu na yanavunjika kwa vidole viwili, na kuzunguka shina lake ile mizizi inayochomoza topeni kama penseli ili ivute hewa, yote ikiwa mizima. Bibi alikuwa akiokota kilichokufa. Nilipozunguka upande wa pili, penye kijinjia kinachotokea barabarani, nikakuta visiki vitano vya mkoko vilivyokatwa karibuni, vingali vyekundu ndani, vyenye unene wa boriti. Waliovikata sijawahi kuwaambia neno, nami nakiri kwamba hata ningewakuta na mapanga yao huenda ningejifanya natafuta kaa. Nilimkemea yule aliyekuwa rahisi kukemewa, tena aliyeniita mwanangu.

Hata hivyo sikurudi na huzuni tupu. Karibu na visiki hivyo mche wa mkoko ulikuwa umejisimika wenyewe topeni. Mbegu ya mti huu huotea juu kwa mama yake, ikaning'inia kama ganda refu la kijani hadi siku ya kudondoka, na huu ulikuwa umeshatoa majani mawili yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta. Nilicheka peke yangu. Nikauchora kwenye daftari, vibaya.

Jioni nikamwuliza muuza mkaa swali la bibi. Alinitazama kwa muda kisha akajibu, “Miti tu, dada.” Nimenunua debe moja badala ya gunia, na mtungi utajazwa mshahara ukiingia. Bibi sijamwona tena, ingawa nimemwulizia kwa wanaoparua samaki pale ufukweni.

Sasa ni saa tano usiku, na mwanangu mkubwa aliyeko Morogoro hajapiga simu tangu Jumatano. Nikimpigia, simu inaita mpaka inakatika.