Laptopu ya shule iwake kabla ubao haujafutwa

Nimesoma kama miaka miwili na laptopu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 2 yenye Windows 10, kwa hiyo hii mada ya mfumo endeshi gani unawaka haraka kwenye laptopu ya zamani ya mwanafunzi inanigusa kabisa. Unawasha, desktopu inatokea, unafurahi, unabonyeza Word... kimya. Taa ndogo ya diski inawakawaka bila kupumzika, mshale unazunguka, mwenzako kashaandika nusu ukurasa. Hiyo mashine imefumbua macho tu, haijaamka bado. Ndo maana ukitaka kulinganisha mifumo endeshi (kama Windows au Linux) usihesabu sekunde mpaka desktopu itokee, hesabu mpaka uweze kuandika neno la kwanza.

Na kubaki Windows 10 siyo jibu tena, sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, halafu Windows 11 inataka RAM GB 4 na TPM 2.0 (chipu ya usalama) ambayo mashine nyingi za zamani hazina.

Mimi nilianza na Puppy Linux, mfumo endeshi mdogo. Ni nyepesi mno, inajipakia yote kwenye RAM, ikishapanda inaruka tu. Ila kwa mwanafunzi inachosha, ukiitumia kwenye flashi unatakiwa ukumbuke kuseva mabadiliko unapozima, na siku kengele imelia unakimbia hukumbuki kitu. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, nayo ni rahisi kutumia lakini inataka RAM GB 4 na vitu vyake vingi vinategemea intaneti, mtandao wa shule ukikata umekwama.

Nikatulia na Lubuntu, Linux nyingine nyepesi. Inatumia desktopu ya LXQt ambayo haili RAM sana, LibreOffice (programu za kuandika na kazi za ofisi kama Word) imo humo humo, na kazi inakaa kwenye diski kama kawaida. Kitu kilichonisumbua ni faili za Word, nilifungua asainmenti nikakuta jedwali limekatika mstari wa mwisho umeenda ukurasa wa pili, kumbe fonti ya Calibri ya Word haimo. Instoli fonti za Carlito na Caladea, herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, mistari inarudi mahali pake.

Niseme ukweli lakini, brauza ni nzito popote uiweke, ukifungua kurasa 15 kwenye GB 2 hakuna mfumo utakaokuokoa. Na kama bado una diski ile ya kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kwanza, kwangu ilisaidia kuliko mfumo wowote niliobadilisha.

Kabla hujafuta chochote, washa Lubuntu kwenye flashi bila kuinstoli, ujaribu Wi-Fi, sauti, printa ya shule, na projekta hasa. Itachelewa kidogo kwa sababu inasoma kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo. Na uulize shuleni programu ya mitihani inataka nini, maana zipo zinazokubali Windows tu, kama yenu ni hiyo acha Windows kwenye diski na Lubuntu uiweke pembeni yake, ukiwasha unachagua.