Kadi inayozimia saa nane usiku

Leo siku ya tisa seva haijadondoka ndo maana nathubutu kuandika, maana kila nilipokuwa nasema imepona ni kama ilikuwa inanisikia.

Iko kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, huku Kurasini. Ukisema seva mtu anafikiria kabati lenye feni kumi, hapana, ni kimashine kidogo cha mezani, used, ukubwa wake kama kitabu kinene, nikakiongezea RAM ikafika giga 32 na juu yake nikaweka Proxmox, mfumo wa kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya mashine moja, ambayo kwa ndani ni Linux ya Debian tu iliyovaa shati zuri. Humo kuna mashine pepe tatu, moja ya mahesabu, moja ya mafaili na moja ndogo ya vitu vidogo vidogo. Tundu la mtandao ni moja, na hakuna nafasi ya kuchomeka kadi nyingine ya mtandao ndani. Kumbukeni hilo tundu moja.

Simu ilikuwa inaingia saa mbili asubuhi. "Kaka, shikamoo, mtandao wako umelala tena." Dada wa mahesabu huyo, anaitaja kama ni mwanangu aliyefukuzwa shule. Nikifika nakuta taa za kadi zinawaka vizuri tu, ile ya pili inapepesa kama kawaida, ila ukiipigia ping, yaani kuiuliza upo, hakuna kitu, ukiingia kwa SSH, ile ya kuiongoza kwa mbali, ndo kabisa. Na mara nyingi hata sifiki, kijana wa ofisi ameshabonyeza kile kitufe mpaka ikazima, kaiwasha, dakika tatu watu wanafanya kazi na mimi naambiwa "ishakaa sawa". Siku mbili, tatu, tena.

Sasa hapa ndo pa aibu. Wiki mbili nzima nilikuwa nakimbizana na vitu vya nje. Nilianza na kebo, nikasema panya wa kule juu ya dari, nikavuta mpya. Nikahamia kwenye swichi, nikamwambia mzee mwenye ofisi hii imechoka, akatoa hela bila kuuliza sana, ikaja mpya, usiku uleule seva ikalala. Nikalaumu umeme, nikalaumu IP kugongana, nikazima mambo ya kubana matumizi ya umeme kwenye kadi. Kila nikigusa kitu inakaa siku mbili najiona fundi, ya tatu simu.

Na si kwamba sikuangalia logi! Niliangalia. Kila nikifika naandika dmesg, nasoma juu mpaka chini, kweupe, hakuna hata mstari mmoja mwekundu. Ndo kilichonipoteza hicho. Dmesg inakusomea kumbukumbu za keneli, kile kiini cha mfumo, tangu mashine ilipowaka, na mashine ilikuwa imewaka dakika ishirini zilizopita kwa kidole cha yule kijana. Yaani mgonjwa amezimia usiku, akapelekwa, akarudi, halafu mimi nakaa namhoji aliyeamka asubuhi, unajisikiaje, anasema niko poa.

Nikawaambia safari hii msiguse, ikilala iacheni nije na skrini. Jumatano ikalala, wakaninunia kweli ila hawakugusa. Nikachomeka skrini na kibodi, na cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba seva ilikuwa hai kabisa, mashine pepe zote tatu zinadunda, na nikiwa ndani ya ile ya mahesabu nikaipigia ping ya mafaili ikajibu fasta. Maana zile zinaongea kupitia vmbr0, lile daraja la ndani, haziihitaji kadi. Nyumba nzima watu wanapiga stori, mlango wa mbele tu ndo umegoma kufunguka. Hapo nikajua seva yenyewe ni nzima, shida iko mlangoni.

Logi sasa. Ilikuwa imejaa, mstari uleule kila baada ya sekunde mbili tangu usiku: e1000e (draiva ya kadi), eno1 (jina la kadi yenyewe), Detected Hardware Unit Hang, yaani kadi imeganda. Na nikiandika journalctl -b -1 -k, ambayo inasoma kumbukumbu za uwashaji uliopita, nikakuta ndo yaleyale, nikarudi -2, -3, yaleyale. Ushahidi ulikuwepo tangu usiku wa kwanza, umetunzwa vizuri kwenye diski, mimi tu nilikuwa nabisha hodi nyumba ya jirani.

Chini ya mstari ule kuna vifupisho viwili vya muhimu, TDH na TDT. Kadi ina foleni yake ya vitu vya kutuma, TDT ni pale draiva ilipoishia kupanga kazi, TDH ni pale kadi ilipofikia kuifanya. Kwenye kadi nzima hizi zinafukuzana muda wote. Kwangu TDH ilikuwa imeganda kwenye namba ileile mstari baada ya mstari, kazi imepangwa mbele yake na yeye haipigi hatua.

Kwa nini usiku? Nikaangalia saa, 02:11, 02:09, 02:14. Saa nane usiku ndo bakapu inaanza kwenda kwenye ile diski ya mtandao, na hapo ndo seva inatuma kwa nguvu zote. Nikajaribu kwa makusudi na iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kupokea haina shida hata nusu saa, kutuma, dakika ya nne chali. Nilifurahi utafikiri nimepigiwa simu ya kazi, maana tatizo ukiweza kuliita likaja basi ni lako.

Chanzo ni kitu kinaitwa tso, yaani kuiachia kadi kazi ya kukata data. Keneli, ili kuipunguzia CPU kazi, haikati data yenyewe, inaikabidhi kadi furushi zima mpaka kilobaiti 64 hivi na kuiambia kata mwenyewe vipande vya kutosha kwenye MTU, kikomo cha ukubwa wa kipande kimoja, ya baiti 1500. Kama kumpa mtu belo badala ya nguo mojamoja. Kadi nyingi zinalifungua bila shida, hii yangu kila belo zikifuatana sana inakaa chini. Dawa ni kuizuia isipewe belo, kwa kuzima tso na ndugu yake gso wa upande wa keneli, kwa ethtool, amri ya kurekebisha kadi:

ethtool -K eno1 tso off gso off

Basi. Mstari mmoja. CPU inakata yenyewe, na kwa laini ya giga moja nimeangalia matumizi yake hata sikuona tofauti ya maana. Iperf3 ikatuma saa tatu mfululizo, TDH inatembea.

Nikaenda nyumbani nikalala kama mfalme. Siku ya nne, simu. "Kaka, umelala tena." Nilikaa kitandani nikitazama ukuta. Kumbe jioni yake umeme ulikatika muda mrefu, UPS ikaisha, seva ikazima na kuwaka upya, na ile amri ya ethtool haidumu, inakufa na mashine. Nilijua! Nilisema nitaiandika kesho. Nikaenda nikaiweka kwenye /etc/network/interfaces, faili la mipangilio ya mtandao linalosomwa kila mashine ikiwaka, chini ya iface eno1, post-up /usr/sbin/ethtool na mkia wake uleule, nikarestati mara mbili kwa mkono wangu nikihakikisha kwa ethtool -k kwamba bado off.

Mzee akaniuliza, "Kijana wangu, umebadilisha kifaa gani?" Nikamwambia sijabadilisha kifaa mzee, nimeandika mstari. Akanitazama, akaitazama swichi mpya kule ukutani, akanitazama tena, akasema haya, na kuendelea na chai yake.

Ile swichi ya zamani alinipa niitupe. Ipo hapa kwangu chini ya meza ya TV, inahudumia nyumba nzima, na haijawahi kulala hata usiku mmoja.