Siku moja chini ya mkonga: shokapu mpya, gari lilelile

Saa 11:40 alfajiri. Simu imewahi kabla ya jogoo wa jirani. Ni dereva. "Fundi, shikamoo. Gari nakuletea saa 1. Shokapu mpya zote nne ninazo, bosi kanunua. Kesho saa 11 alfajiri natoka na wageni, tunalala Seronera, Serengeti." Nimeitikia marahaba nikiwa bado ndani ya blanketi. Julai ya Arusha, wanaoijua wanaijua: Mlima Meru umejifunika wingu na maji ya bomba yanauma meno.

Saa 1:15. Mkonga umeingia getini. Kwa msomaji wa mbali, mkonga ndilo jina letu la Land Cruiser ya toleo la 70, kwa ajili ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Huu umerefushwa kama ndugu zake wengi hapa mjini: chesisi imekatwa ikaongezwa, viti vya wageni saba, paa la kunyanyuka, friji, tairi mbili za akiba. Yaani gari lililotoka kiwandani na gari lililosimama mbele yangu ni vitu viwili. Boksi la shokapu halijui hayo. Limeandikwa aina ya gari na miaka, basi.

Nikamuuliza dereva linasumbuaje. "Kutoka Naabi kwenda Seronera ile barabara ni bati tupu. Mwanzoni gari linashika vizuri. Baada ya nusu saa linaanza kuogelea." Maelezo kama hayo ni dhahabu. Shokapu ni ile pampu ya mafuta inayotuliza mrusho wa springi. Ikichoka, mafuta ya ndani yakipata moto yanafanya povu, na pistoni ikipita kwenye povu haipati upinzani. Ndiyo maana ukilibonyeza gari asubuhi likiwa la baridi unaweza kuliona zima.

Saa 2. Tumeanza na mbele. Tangu 1999 hizi 70 mbele zina koili, nyuma zimebaki na springi za bapa. Shokapu ya mbele juu inaishia na msumari wenye uzi, nati, na mipira miwili inayoibana bracket, kile kishikio cha chuma kwenye chesisi. Nati ya kulia imekula kutu, ukiizungusha, rodi ya shokapu nayo inazunguka. Dogo wangu akashika plaizi ya kubana. Nikamwambia, leo ikamate tu, hiyo ni ya kutupwa, lakini mpya usiiguse hivyo hata siku moja. Rodi ikipata mkwaruzo mmoja inachana sili, na mafuta yote yanaishia njiani. Hatimaye tukaikata kwa grainda, kitambaa kilicholowa maji kikiwa kimeziba waya za jirani.

Saa 4. Chai na chapati mbili. Nimekula nimesimama.

Saa 4:20. Mbele mpya zimeingia. Kabla ya kufunga nimezisimamisha wima na kuzipampu mara tano sita mpaka pale pa hewa pakaisha na mkono ukahisi uzito mmoja juu mpaka chini. Zikiwa zimelala kwenye boksi miezi, hewa inahamia isikotakiwa, na fundi asiyepampu atarudishiwa gari kesho yake eti shokapu mbovu. Nikamwachia dogo afunge mipira ya juu upande wa kushoto. Kumbuka hapo, tutarudi.

Saa 5:30. Nyuma. Jicho la chini la shokapu ya kushoto, yaani ile pete yenye tundu, limegoma kuingia kwenye pini. Dogo anatafuta nyundo. "Fundi, tundu dogo, wametuuzia siyo." Nikalala chini na tochi. Pini inaonekana nene, ya kahawia. Nikaikwangua kwa bisibisi na ganda likaachia ufa mwembamba kuzunguka pembeni. Haikuwa pini. Ilikuwa bomba la ndani la bushi ya zamani, ule mpira wenye kiini cha chuma unaokaa ndani ya jicho: mpira ulitoka na shokapu kuukuu, chuma kikabaki kimeng'ang'ania pini kwa kutu. Mafuta ya kulainisha, subira ya dakika kumi, patasi ndogo ikapasua ganda kwa urefu, likachomoka kama ganda la muwa. Msasa kidogo, jicho likaingia kwa mkono. Nimeshaona watu wakichonga bushi mpya kwa sababu hiyohiyo.

Saa 6:30. Sasa hapa ndipo siku ilipoharibika. Shokapu za nyuma zimeingia juu na chini, kila mtu anatabasamu, lakini macho yangu hayakuipenda ile rodi. Gari lilikuwa limekaa kwenye tairi. Nikachukua futi. Kutoka ekseli mpaka ule mpira wa chesisi unaozuia ekseli isigonge, sentimita 9. Shokapu yenyewe ilibakiwa na sentimita 6 kabla ya kujifunga kabisa. Maana yake gari likidumbukia shimoni, shokapu itafika mwisho kabla ya mpira kupokea uzito. Nikawaita vijana sita wa gereji wakapanda wawe wageni, mmoja akapunga mkono kama anaona twiga. Tukapima tena: mpira 6.5, shokapu 3.5. Sentimita tatu na nusu, kisha tani zote zile zinagonga chuma kwa chuma. Hapo kinachokatika ni jicho la shokapu, au bracket inang'oka na kipande cha chesisi.

Shokapu hizo si mbovu. Zimetengenezwa kwa gari lililoinuliwa, na huu mkonga haujainuliwa. Springi zake zimelala kwa uzito wa miaka.

Dereva akasema, "Kaka, si ziko sawa tu? Zimeingia." Neno hilo nalichukia. Kuingia ni kuingia tu. Kuna njia ya kushusha ule mpira wa chesisi kwa kipande cha chuma ili upokee mapema, na kwa gari lililoinuliwa ndiyo dawa halali. Kwa hili lililolala, ungelinyang'anya theluthi ya mwendo wa springi, wageni wangerushwa mpaka paani. Nikakataa.

Saa 7:30. Makande na parachichi kwa mama ntilie, huku bosi wa gari akinilaumu kwenye simu. Nikamtumia picha ya futi. Akanyamaza, kisha: "Nenda kabadilishe."

Saa 8:30. Dukani. Muuzaji akafungua kompyuta, akanionyesha namba: inasema inafaa. Sikubishana na kompyuta. Nikaomba jozi ya urefu wa kawaida, nikaibonyeza sakafuni pale mpaka mwisho, nikapima, nikapima na ile niliyobeba. Tofauti sentimita 5. Sentimita 6 zangu zikawa 11, mpira uko kwenye 9. Tukabadilishana, nikaongeza hela kidogo ambayo bado sijaelewa ilikuwa ya nini.

Saa 10. Nyuma zimefungwa. Bolti za macho nimezikaza mwisho gari likiwa limeshuka chini kwenye tairi zake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inakamatwa ikiwa imejipinda, na gari likishuka inaishi imesokotwa mpaka ichanike.

Saa 11 jioni. Majaribio kwenye barabara ya vumbi nyuma ya mtaa. Linatulia vizuri, ila mbele kushoto: ko, ko, ko. Dogo kimya. Nikafungua boneti, nikashika kichwa cha shokapu, dereva akalibonyeza gari. Mpira wa juu una kishingo kidogo kinachotakiwa kuzama ndani ya tundu la bracket. Kilikuwa kimekaa juu ya ukingo, kimebanwa upande, na rodi inagonga chuma. Dogo akafungua mwenyewe, akakizamisha kwa kidole, akafunga mpaka mpira ukavimba kiasi, akaniangalia kabla ya kuongeza. Nikatikisa kichwa: imetosha.

Saa 1 usiku. Nimenawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Dereva kawasha gari, akachungulia dirishani: "Zile ndefu mmezirudisha zote, eh?" Zote. Akacheka, akaondoka akitafuta mashimo makusudi mpaka getini.

Dogo alikuwa bado anatafuta futi yangu. Ilikuwa mfukoni mwake.