Matufaha ya Sukari kwa Mavuno ya Bustani ya Lushoto

Tufaha kubwa la dukani, lile jekundu linalong'aa na kubandikwa karatasi ndogo yenye jina la nchi ya mbali, ndilo baya kuliko yote kwa kutengenezea matufaha ya sukari. Ninalisema hili nikijua kwamba mapishi mengi yanayosambaa mitandaoni huanza na picha ya tufaha la aina hiyo hiyo, limechomwa kijiti na kuvikwa sukari nyekundu. Ngozi yake imepakwa nta ili lisikauke safarini, na juu ya nta sukari huteleza. Utamu wake ukiongezwa utamu mwingine huchosha ulimi kabla hujafika katikati. Na ukubwa wake humlazimisha mlaji apanue kinywa kuliko ilivyo heshima. Kitunda kidogo, kichachu, chenye mabaka, ambacho wachuuzi wa soko la Lushoto hukitenga pembeni mwa fungu kwa sababu wateja hawakitaki, ndicho kinachofaa kwa kazi hii.

Bustani yetu iko mtelemkoni, nje kidogo ya mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, penye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya huku inatosha kwa kabichi, karoti, plamu na mapeasi, lakini kwa mtufaha wenye asili ya nchi za kaskazini ni baridi ya mzaha, maana mti huo unahitaji majuma mengi ya ubaridi mkali ndipo machipukizi yake yaamke na kuchanua kwa pamoja. Ndiyo sababu wakulima wengi wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, hadi kule Kabale nchini Uganda, hupanda aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli, pamoja na Dorsett Golden, iliyotokea Bahama. Aina hizi mbili huridhika na baridi kidogo, nazo huchanua karibu wakati mmoja, hata chavua ya mti mmoja ikarutubisha maua ya mwenzake; Anna akipandwa peke yake huweza kujaa maua kisha akazaa matunda ya kuhesabika. Baada ya mavuno tunayapukutisha majani kwa mikono, kazi inayowashangaza wageni wanaodhani kwamba tunauadhibu mti, kumbe tunaufanya upumzike kana kwamba umepitiwa na majira ya baridi, ili uchipue na kuchanua upya.

Tatizo la Anna ni kwamba hakai. Akiachwa aive kabisa mtini, au akiwekwa siku kadhaa mezani, nyama yake hulegea na kuwa na ungaunga mdomoni. Kwa kula hivi hivi mtu husubiri wekundu uenee. Kwa matufaha ya sukari ninachuma mapema, shavu moja likiwa limeshika wekundu na jingine lingali la kijani, mbegu zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi ya kahawia. Katika hatua hiyo tunda lina asidi ya kutosha kupambana na sukari, na nyama yake ni ngumu kiasi cha kushika kijiti bila kuzunguka. Dorsett Golden huvumilia zaidi, ila ni tamu tangu mapema, kwa hiyo ninaiacha iliwe na watoto wa nyumbani.

Historia ya kitu chenyewe inanifurahisha kwa sababu tufaha liliingia humo kama pambo. Masimulizi yanayokubalika zaidi nchini Marekani ni kwamba mwaka 1908 mtengenezaji wa peremende aitwaye William Kolb, wa mji wa Newark katika jimbo la New Jersey, alikuwa akijaribu peremende nyekundu ya mdalasini kwa ajili ya Krismasi. Alichovya matufaha yenye vijiti ndani ya sukari hiyo, akayapanga kwenye dirisha la duka ili wapita njia waione rangi ya peremende yake. Wateja wakaingia na kutaka yale matufaha ya dirishani. Uingereza nao wana desturi yao ya kula matufaha ya sukari usiku wa tarehe 5 Novemba, wakati wa kuwasha mioto ya kumkumbuka Guy Fawkes, mmoja wa waliokula njama ya kulipua Bunge la huko mwaka 1605, majira ambayo huko mavuno ya matufaha yamekwisha kuingia ghalani.

Ni haki kusema mapema kile ambacho bustani haiwezi kutoa, nacho ni sukari yenyewe. Miwa tunayo michache kando ya kijito, na mtu anaweza kuikamua na kuchemsha maji yake hadi apate sukari guru, lakini sukari guru ina mabaki mengi ya mmea ambayo hutoa povu na kuungua kabla shira haijafikia ugumu unaotakiwa. Asali nayo huungua mapema, tena huvuta unyevu wa hewani. Kijiko kimoja kwa ajili ya ladha kinatosha. Sukari nyeupe ya dukani haina mbadala hapa. Bustani inatoa tunda, ndimu na kijiti. Mdalasini hutoka kwa ndugu zetu wa Muheza, upande wa Usambara Mashariki, ambako mdalasini na iliki hustawi kwa namna ambayo huku juu tunaitamani tu.

Mtu aliyezoea kupika kaimati au ubuyu ana nusu ya ujuzi tayari, kwa sababu jambo zima ni kujua shira imefika wapi. Shira ya kaimati huondolewa jikoni ikianza kuvuta uzi, karibu na nyuzijoto 110, ikiwa bado na maji mengi ndani yake. Shira ya matufaha lazima iendelee kuchemka, ipite hatua ya kidonge laini, ipite ya kidonge kigumu, ifike mahali ambapo tone lake likidondoshwa katika maji baridi hugeuka kigae kinachovunjika kwa mlio. Vitabu vya mapishi huandika nyuzijoto 149, na wakati huo karibu maji yote yamekwisha kutoka, ikibaki sukari tupu ambayo ikipoa huwa kama kioo. Ikitolewa mapema kidogo tu, itang'ang'ania meno.

Hapa kuna jambo ambalo wenye bustani za milimani hawana budi kulizingatia, nalo silioni likitajwa katika mapishi yanayotoka nchi za tambarare. Kadiri tunavyopanda mlimani, kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka kwa joto dogo zaidi; hapa kwetu huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Shira nayo hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa hiyo kipimajoto kikisoma 144 au 145 huku Lushoto, shira imeshafika pale ambapo mtu wa Tanga mjini angeifikisha kwa 149. Anayeng'ang'ania namba ya kitabuni atapata sukari iliyokwisha kugeuka rangi ya kahawia na kuanza uchungu. Bakuli la maji baridi halijali mwinuko, na ndiyo maana, hata nikiwa na kipimajoto, ninaliamini bakuli zaidi.

Ndimu ina kazi kubwa kuliko ladha. Sukari iliyoyeyushwa hutamani kurudi kuwa punje, na punje moja tu iliyobaki ukutani mwa sufuria ikidondoka ndani inaweza kugeuza shira yote kuwa mchanga. Asidi ya ndimu huvunja sehemu ya sukari hiyo kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo huzuia punje zisijipange upya. Wenzetu wa Marekani hupata matokeo kama hayo kwa kutia shira ya mahindi. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kinatosha vikombe vitatu vya sukari. Ikizidi, sukari nyingi mno itavunjika na ganda litabaki lenye kunata hata likipoa. Hofu ya punje ndiyo pia inayokataza kukoroga shira ikisha kuchemka. Mimi huifunika sufuria kwa dakika mbili mwanzoni, ili mvuke wenyewe uoshe kuta zake.

Kuhusu rangi, wengi hukimbilia bitiruti, na bitiruti hustawi sana katika udongo wetu. Nimeiacha. Wekundu wake hauvumilii joto, na kufikia nyuzijoto 140 umeshakuwa kahawia ya kusikitisha, huku shira ikibaki na harufu ya udongo isiyopatana na tufaha. Choya, yale maua mekundu machachu yanayokaushwa na kupikwa juisi, inashinda kwa mbali. Haipendi baridi ya huku juu, kwa hiyo yetu hulimwa Mombo, chini ya milima, kwenye bustani ya wifi yangu, ambako jua huikausha kwa siku chache na kuiacha nyekundu iliyokolea. Ninachemsha kiganja kimoja cha choya kavu pamoja na kipande cha mdalasini katika vikombe viwili vya maji, ninachuja kwa kitambaa, na robo tatu ya kikombe cha maji hayo ndiyo ninayoyatumia kuyeyushia vile vikombe vitatu vya sukari. Choya ina asidi yake yenyewe, kwa hiyo ndimu haihitajiki tena. Rangi inayopatikana si ule wekundu mkali wa rangi ya ubuyu. Ni nyekundu nzito inayoelekea zambarau, na kwa macho yangu inapendeza zaidi, hasa mahali ambapo shavu la kijani la tufaha huonekana kwa ndani. Sufuria iwe ya stili, maana ya alumini huchafua rangi ya choya na kuacha ladha ya madini.

Vijiti ninakata kwenye mpera, unene wa kidole kidogo, ninavimenya gamba, ninavichemsha na kuvianika. Mtu asikate kijiti kwenye ua asilolijua. Mnyaa una utomvu unaounguza, na maua ya mapambo yenye sumu yamepandwa kandokando ya nyumba nyingi. Vijiti vya mishikaki ni salama, ila ni vyembamba, na tufaha huvizunguka kila linapoumwa.

Matufaha huoshwa, hufutwa, kisha huachwa kwenye joto la kawaida la chumba hadi yakauke kabisa, hata pale kikonyo kilipotoka. Tufaha lililotoka kwenye friji hutoa jasho chini ya sukari, na ganda hujitenga vipande vipande. Anayelazimika kutumia tufaha la dukani alitumbukize kwa sekunde chache katika maji yanayochemka yenye siki kidogo, kisha alisugue kwa kitambaa kikavu ili nta itoke. Shira ikifika, sufuria huondolewa jikoni na kungojewa hadi mapovu yatulie. Hapo huinamishwa, tufaha huzungushwa mara moja kwa mkono mwepesi, huinuliwa, huachwa lidondoshe ziada, na kuwekwa kwenye sinia lililopakwa mafuta. Vikombe vitatu vya sukari vinavika matufaha madogo kumi hivi. Kazi hii haina nafasi ya kuitika mlango, kwa sababu shira hukaza sufuriani baada ya dakika chache. Watoto wakae mbali, na bakuli la maji baridi liwe karibu, kwani sukari yenye joto hilo ikigusa ngozi hunata na kuendelea kuunguza pale pale.

Siku ya kupika huchaguliwa kwa kutazama mlima. Sukari ya namna hii hunyonya unyevu wa hewani, na ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba ganda lililokuwa likilia kwa meno asubuhi huwa limeanza kutoa machozi jioni. Pwani hali ni mbaya zaidi. Sijui kwa nini mtu wa Tanga ajisumbue kuyatengeneza wakati wa masika.

Kuyaweka siku nyingi hakufai kwa sababu nyingine pia. Mwishoni mwa mwaka 2014 hadi mwanzoni mwa 2015 nchini Marekani watu 35 waliugua kutokana na bakteria wa Listeria, na wengi wao walikuwa wamekula matufaha yaliyovikwa karameli na kufungashwa kiwandani. Wataalamu walieleza baadaye kwamba kijiti kinapochomwa, maji ya tunda hupenya na kukaa kati ya ngozi na ganda, na mahali hapo penye unyevu, pasipo baridi ya friji, bakteria walioko juu ya ngozi hupata makao. Shira yetu ni ya moto zaidi kuliko karameli, lakini tundu la kijiti ni lile lile. Kwa mwenye bustani inayowekwa samadi ya mbuzi, kama yetu, kanuni mbili zinatosha: tufaha lililoanguka chini halivikwi sukari, hata likiwa zima namna gani, bali huenda kwenye jemu inayopikwa hadi ndani, na yaliyovikwa huliwa siku hiyo hiyo.

Sufuria iliyobaki na sukari iliyoganda isikwanguliwe. Imiminie maji yafunike sukari, irudishe jikoni, na ganda lote litayeyuka lenyewe bila kuharibu chombo. Yakiwa ni maji ya choya na mdalasini hayamwagwi: yaongezwe maji mengine, yakamuliwe ndimu na kupozwa, yawe sharubati ya wale waliofukuzwa jikoni wakati shira ilipokuwa ikichemka.