Kutoka Fire hadi Feri: siku moja kuifuata karma

Mwendokasi wa asubuhi kutoka Kimara, Dar es Salaam, haukupi nafasi hata ya kugeuza shingo. Tulipofika Magomeni kijana mmoja alimkanyaga mzee mguu, na kabla hajamaliza kusema samahani simu yake ikamponyoka, kioo kikapasuka. Mama aliyesimama karibu na mlango akatoa hukumu: "Malipo ni hapahapa duniani, mwanangu." Basi zima likacheka. Mwingine akadakia, "Karma hiyo!"

Siku hiyo ilikuwa ya mwezi mpevu, ambayo Wabuddha wa Sri Lanka huiita poya, nami nilikuwa naelekea hekalu lao la Upanga. Kwa mafundisho ya huko, basi lile lilikosea mara mbili. Kwanza, kamma (hivyo ndivyo inavyotamkwa kwa Kipali, lugha ya maandiko yao) maana yake ni tendo, si malipo, na Buddha alilifunga neno hilo kwenye nia. Pasipo kukusudia hakuna kamma, na kijana yule alisukumwa na umati. Pili, malipo yanahitaji mlipaji, na hapa hayupo: hakuna hakimu, hakuna daftari. Matokeo ya tendo huitwa vipaka, neno lenye maana ya kuiva. Embe haliivi kwa sababu kuna mtu ameamua kukutuza wewe uliyepanda mwembe.

Na kuiva kuna msimu wake. Matendo mengine huiva katika maisha haya, mengine katika maisha yanayofuata, mengine baada ya maisha mengi, na mengine yakikosa mazingira hayaivi kabisa. Kwa hiyo "hapahapa duniani", kwao, ni robo tu ya jibu.

Nilishuka kituo cha Fire nikachukua bajaji. Tulipopita upande wa Muhimbili nilikumbuka jambo ambalo hata wanaojiita wajuzi hulisahau: si kila maumivu ni kamma. Buddha alipoulizwa na mzururaji mmoja kuhusu hilo, alitaja sababu nane: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, hivyo vitatu vikichanganyika, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa, na ya nane ndiyo kamma. Anayemwambia mgonjwa wodini kwamba anavuna alichopanda hajalitoa hilo kwa Buddha.

Hekalu lilianzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Sri Lanka bado inaitwa Ceylon. Viatu na kofia huvuliwa, mabega na magoti yafunikwe, na ukikaa chini usielekeze nyayo kwenye sanamu. Waumini wa poya huvaa nyeupe na kushika kanuni nane za mwenendo badala ya tano za siku zote. Uani upo mti wa bodhi, wa jamii moja na mkuyu. Utautambua kwa jani lake: umbo la moyo, ncha ndefu kama mkia, na kikonyo chembamba kiasi kwamba majani hutikisika hata upepo ukiwa haba.

Ukienda na chakula cha watawa, kifike mapema, maana saa sita mchana ikipita hawali tena mpaka alfajiri. Nyama na samaki huruhusiwa mradi mtawa hajaona, hajasikia wala hashuku kwamba mnyama amechinjwa kwa ajili yake. Wageni huharibu hapo: wanaleta kuku mzima na kutangaza kwa fahari, "Huyu tumemchinja leo kwa heshima yenu." Nia njema kabisa, na chakula hakiliki.

Baada ya kufa je? Hesabu yao ni ngazi 31. Nne ni za chini: kuzimu, wanyama, peta (viumbe wenye njaa isiyoisha) na asura (aina ya mapepo). Moja ya binadamu. Sita za mbingu za starehe, 16 za viumbe wenye maumbo laini, nne zisizo na umbo. Aliyelelewa na habari za Pepo na Jehanamu hujikwaa hapa, kwa kuwa hakuna hata moja ya kudumu. Kuzimu huisha, na mbinguni ukimaliza akiba yako unateremka.

Lakini nani hasa anayezaliwa tena? Hawakubali kwamba kuna roho inayohama mwili huu kwenda ule, kama mpangaji anavyohama Sinza kwenda Tabata. Mfano wao ni moto: washa kibatari kwa kibatari kingine, ule wa pili si moto uleule, wala huwezi kusema hauhusiani na wa kwanza. Fikra ya mwisho ya anayekufa inazimika, ya kwanza ya maisha mapya inafuata papo hapo. Theravada, mkondo wa Sri Lanka, hauna kituo cha katikati. Wa Tibet ndio wenye bardo, inayoweza kufika siku 49.

Tendo lipi linaamua uzaliwe wapi? Zito ndilo la kwanza, kwa mfano kuua mama au baba. Kwa upande wa wema, kufikia tafakuri ya kina. Lisipokuwepo hufuata lililo karibu na kufa, halafu la mazoea, mwisho yaliyobaki akibani. Walimu wa kale walitoa mfano wa zizi: likifunguliwa asubuhi, anayetangulia kutoka ni ng'ombe aliye langoni, hata awe mzee na dhaifu. Mtu wa Dar hahitaji zizi. Kwenye daladala iliyojaa, anayeshuka kwanza ni aliyebanwa mlangoni, si mwenye misuli. Ndiyo sababu ndugu humsomea anayekata roho na kumkumbusha mema yake. Wakiangua kilio au kuanza kugombea nyumba kando ya kitanda, wanamweka mlangoni hofu na hasira.

Mazishini watawa hutolewa kitambaa cheupe, kisha ndugu hushika birika pamoja na kumimina maji kwenye kikombe kilichowekwa ndani ya sahani, polepole, mpaka kifurike, huku maneno yakisomwa: kama mito inavyojaza bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kiwafikie waliotangulia. Siku ya saba hutolewa sadaka ya chakula. Wengi huielewa kama M-Pesa, na si hivyo. Salio la mtumaji halipungui, na mpokeaji hapati kitu mpaka mwenyewe aufurahie wema uliotendwa. Tena lazima awe peta wa aina inayoishi kwa sadaka za wengine. Kama amezaliwa ng'ombe huko Dodoma, haimfikii.

Kisutu nilipita haraka. Mahekalu ya pale ni ya Wahindu, ambao wanakubali nafsi ya milele inayohama. Kuwaweka kapu moja na Wabuddha ni kosa la kila siku mjini.

Feri, kwenye soko la samaki, ndipo somo linapouma. Kuua hukamilika kwa mambo matano: kuwe na kiumbe hai, ujue kuwa ni hai, uwe na nia ya kuua, ufanye juhudi, na kife. Mvuvi anayo yote. Anayenunua changu aliyekwishakufa hana nia wala juhudi. Ila biashara ya nyama imo katika biashara tano ambazo muumini anakatazwa, pamoja na silaha, viumbe hai, vileo na sumu, hivyo mchuuzi haponi kirahisi. Na kosa halina uzito mmoja kwa wote: bonge la chumvi kwenye kikombe huharibu maji, kwenye mto Ganges halionekani. (Mfano huo ungetolewa Kivukoni usingefaa kitu.)

Nilipanda pantoni kwenda Kigamboni. Kuna kasa kipofu, alisema Buddha, anayeibuka mara moja kila miaka 100, na juu ya bahari inaelea nira yenye tundu moja, ikisukumwa na pepo za pande zote. Kasa huyo ataibuka shingo ikiwa tunduni mapema kuliko mpumbavu aliyeanguka ngazi za chini kurudi kuwa mtu. Niliangalia maji njia nzima. Chupa za plastiki zilikuwa nyingi, kasa hakuna.