Mwaka huu sikuitwa kutoa ushuhuda

Jana ilikuwa Jumapili ya mavuno kanisani kwetu huku Mpunguzi na kusema ukweli sikutaka kwenda. Niliamka mapema nikaanza kufua nguo ambazo hata hazikuwa chafu sana, mwanangu akaniuliza mama leo husali, nikamwambia nasali, ndo nikawa sina ujanja tena.

Kwa msioijua Dodoma, huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, ikigoma imegoma na uwele unaishia kimo cha goti. Zabibu ndo inatuokoa maana ukiwa na maji ya kumwagilia unavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwenye shamba la zabibu huku anaonekana mtu. Na mi nilikuwa mtu jamani! Miaka mitatu nyuma nilivuna mpaka nikaezeka nyumba bati, nikalipa ada yote kwa mkupuo, na siku ya mavuno nikasimama mbele na kitenge kipya nikatoa ushuhuda mrefu mpaka wanakwaya wakaanza kukohoa. Vigelegele kanisa zima. Ila nikikumbuka vizuri mwaka ule nilikuwa naomba dakika mbili tu kabla ya kulala, tena simu iko mkononi.

Safari hii ukungu ulianza kushika mashada, nikanunua dawa kwa mkopo wa kikoba, zabibu zikapona, nikashangilia. Halafu mnunuzi tuliyekubaliana naye akawa wa kesho, kesho kutwa, mwisho simu hapokei. Na zabibu si mahindi kwamba utatia kwenye gunia usubiri bei, ikiiva imeiva, siku chache tu nyuki wamejaa na shamba zima linanuka pombe. Nyingine niliuza kwa ndoo pembeni ya barabara ya Iringa kwa bei ya kutupa, zilizobaki tukazianika juu ya bati, bati lile lile la ushuhuda.

Hasara niliimeza. Kilichonikaa kooni ni dada mmoja tunayesali naye, alinifuata kwa upole kabisa akaniuliza kama kuna mahali nimempa shetani nafasi. Yaani dhambi. Nikajichunguza wiki nzima, na dhambi nilizipata za kutosha tu, sema zote zilikuwepo hata mwaka ule wa bati.

Maombi yangu miezi hii yamekuwa mafupi sana. Bwana unaona. Basi, nalala.

Sasa jana somo likawa Habakuki sura ya 3, pale nabii anaposema hata mizabibu ikikosa matunda na zizini kusiwe na kitu yeye atamfurahia Bwana tu. Ilipofika hiyo mizabibu nikahisi benchi zima limenigeukia, nikacheka kimoyomoyo. Halafu nikafungua Biblia yangu nikasoma mpaka mstari wa mwisho nikitafuta wapi ng'ombe walirudi. Hamna. Habakuki anasema Mungu ndiye nguvu zake na kitabu kinaishia hapo, zizi bado tupu. Miaka yote nimesikia hilo neno na sikuwahi kuliona hivyo, na sijui kwa nini lilinipa nafuu kuliko mahubiri yote ya kuvuka ng'ambo.

Ikaja zamu ya mnada wa mazao. Watu na maboga, alizeti, karanga, mi nimeleta tetea mmoja nimemfunga miguu na kitambaa, nikaomba Mungu wampitishe haraka haraka. Mzee mmoja ambaye najua kabisa na yeye hali si nzuri akapandisha dau mpaka 30,000, kuku ambaye sokoni hafiki hata 20,000, akalipa, akasema mrudishieni mwenyewe. Tulipotoka nje akanisalimia "mbukwa" kama siku zote, hakuongeza neno akaondoka na baiskeli yake.

Deni la kikoba liko pale pale, na yule mnunuzi leo nimempigia tena hapokei. Shamba nimeshalipogoa, mwenyewe na mwanangu, maana hela ya kibarua hakuna. Kuku alilala jikoni, asubuhi nimemkuta ametaga ndani ya ndoo ya kuvunia zabibu, nimemwacha humo humo.